Mpelelezi Hana Jirani: Ukoo wa Limuru na Umbo la Riwaya ya Upelelezi

Kifo cha kwanza tunachosimuliwa katika A Grain of Wheat hakina fumbo. Gitogo, kijana kiziwi na bubu, anakimbilia kwa mamake siku ambayo wanajeshi wamekizingira kijiji. Anaamriwa asimame, hasikii, anapigwa risasi. Muuaji ni askari, silaha inajulikana, mahali panajulikana, na kwa sababu hiyo hasa hakuna anayepeleleza lolote. Ngũgĩ wa Thiong'o anayapitisha maelezo hayo upesi katika kurasa za mwanzo, kisha anaigeukia kazi yake ndefu, yaani kumtafuta aliyemsaliti Kihika, mpigania uhuru. Msomaji anayeyajua maisha ya mwandishi anajua pia kwamba Ngũgĩ alikuwa na ndugu wa kambo, kiziwi, aliyeuawa vivyo hivyo na askari wa Kiingereza wakati wa Hali ya Hatari. Jina lake lilikuwa Gitogo. Mwandishi hakulibadilisha.

Mhakiki wa umbo haridhiki kwa kugundua tu kwamba maisha yameingia kitabuni. Swali lenye faida ni hili: yamewekwa wapi, na kuwekwa pale kunakifanyia nini kiunzi kizima? Kifo cha ndugu kimewekwa nje ya upelelezi. Kitabu kina maiti mbili, moja ambayo kila mtu anajua ilivyokufa na hakuna anayeiulizia, na nyingine ambayo kijiji kizima kinaiulizia mpaka siku ya Uhuru. Kwa mpangilio huo tunaonyeshwa, kabla hatujamjua mshukiwa yeyote, kwamba kuuliza hakufuati kila mauaji kwa wepesi. Kuuliza ni mamlaka, na mamlaka hayo yana mwenyewe. Kuna vifo ambavyo dola huvifungulia jalada, na kuna vifo ambavyo dola yenyewe imevifanya, hivyo jalada halifunguliwi kamwe.

Naanzia kwa Gitogo kwa sababu naona hapo ndipo penye shina la jambo ambalo uhakiki wetu umelipita bila kulisimamia. Ukoo huu mmoja wa Limuru umeipa Kenya rafu nzima ya riwaya za uhalifu. Mukoma wa Ngugi alitoa Nairobi Heat mwaka 2009 na Black Star Nairobi mwaka 2013. Mwaka 2014 nduguye Nducu akatoa City Murders, na dada yao Wanjiku akatoa The Fall of Saints. Baba yao, Ngũgĩ, hakuwahi kukiita kitabu chake chochote riwaya ya upelelezi, ingawa Petals of Blood ya mwaka 1977 ina viungo vyote vya aina hiyo: moto, maiti tatu, washukiwa wanne, inspekta. Huku Eldoret tumezoea kuwagawa. Baba ni wa darasani, wana ni wa kusomwa ndani ya matatu ya kutoka Nairobi kuja kituo cha Sisibo, na kitabu huachwa kitini gari likifika. Mgawanyo huo wa riwaya dhati na riwaya pendwa unatunyima nafasi ya kuona kwamba vitabu hivi vinafanyia kazi tatizo moja la kiufundi, kila kimoja kwa njia yake.

Tatizo lenyewe naweza kulieleza hivi. Mwandishi anayechota uhalifu wake kutoka kwa jamaa na majirani anajua mengi mno. Anamjua aliyegombana na nani juu ya mpaka wa shamba, mtoto wa nani ni wa nani, na nani alikuwa upande gani vita vilipokuwa vita. Riwaya ya upelelezi, kwa upande wake, inaishi kwa kutojua. Tzvetan Todorov alishaonyesha kwamba aina hii hubeba hadithi mbili, moja ya uhalifu, iliyokwisha kabla hatujafungua kitabu, na moja ya upelelezi, inayoifukua ile ya kwanza hatua kwa hatua. Mpelelezi husimama katika hadithi ya pili na hana budi kuwa mgeni katika ile ya kwanza, la sivyo hakuna cha kufukuliwa. Basi mtu aliyezaliwa ndani ya hadithi ya kwanza, ambaye mtaa umemlea na kumnong'onezea, atapata wapi sauti ya yule asiyejua?

Jibu la Petals of Blood ni kumpa mgeni jalada na kuwapa wenyeji usimulizi. Kitabu kinafunguka kwa polisi kuwafuata watu mmoja mmoja, Munira, Abdulla, Karega, wakati Wanja yuko hospitalini. Sehemu hizo ni fupi, zimekatwa kama maingizo ya kitabu cha matukio kituoni, na zinafuatwa na habari ya gazeti kuhusu kuteketea kwa Chui, Kimeria na Mzigo. Katika kurasa chache tumekwisha kupewa lugha mbili rasmi za uhalifu, ya polisi na ya gazeti, na zote mbili ni za watu wa nje. Kisha, bila kubisha hodi, sura inarudi nyuma miaka 12, na sauti inayosimulia kuwasili kwa Munira Ilmorog inasema "sisi". Wanaosimulia ni wazee, watoto na wanawake waliomtazama mwalimu huyo akija na baiskeli yake, wakamshuku.

Nafsi hiyo ya kwanza wingi, ambayo nitaiita nafsi-umma, ndiyo uvumbuzi mkubwa wa kifani katika kitabu, na inashangaza jinsi inavyozungumziwa kidogo kuliko itikadi yake. Haitawali riwaya nzima. Huibuka, hunyamaza, humpisha msimulizi wa nafsi ya tatu, kisha hurudi kijiji kinapokuwa na jambo la pamoja la kukumbuka, hasa safari ya kwenda mjini wakati wa ukame. Haihojiwi kamwe na Inspekta Godfrey. Afisa huyo mweledi, aliyepanda vyeo tangu zama za mkoloni na anayeamini kwamba kila uhalifu una mantiki yake, anawahoji washukiwa mmoja mmoja na kumpa Munira karatasi aandike taarifa. Hamuulizi hata siku moja yule shahidi aliyeona yote, yaani kijiji chenyewe. Wala hawezi. Sheria ya ushahidi haina mahali pa kuandikisha taarifa ya "sisi".

Tukilinganisha kile jalada linachokijua na kile kitabu kinachokijua, tunaona jinsi Ngũgĩ alivyoupima upofu huo kwa makini. Godfrey anafaulu. Anampata aliyeiwasha nyumba, na aliyeiwasha ni Munira kweli, kwa sababu za kidini alizozisokota mwenyewe kichwani mpaka mauaji yakawa kwake wokovu. Msomaji, hata hivyo, anajua kwamba Kimeria alikwisha kufa kabla ya moto, kwa panga la Wanja, na kwamba Abdulla naye alikuwa njiani usiku ule akiwa na nia yake. Taarifa ya polisi ni sahihi na ni pungufu kwa wakati mmoja. Riwaya ya kawaida ya upelelezi humalizika hadithi ya pili inapoifunika ya kwanza barabara. Hapa imeachwa kingo inayochomoza, na kingo hiyo ndiyo historia.

Ukoo unaingia hapo kama mtambo wa msuko. Munira ni mwana wa Waweru, tajiri mcha Mungu. Mariamu, mamake Karega, aliishi na kufanya kazi katika ardhi ya Waweru. Mukami, dadake Munira, alipendana na Karega, kisha akajiua. Nding'uri, kakake Karega, alinyongwa wakati wa vita vya Mau Mau. Mwenzake aliyeponyoka ni Abdulla. Aliyewasaliti wote wawili ni Kimeria. Na ni Kimeria huyohuyo aliyemharibia Wanja ujana wake akiwa angali mwanafunzi. Wako wanaosema sadfa hizi zimezidi, kwamba si rahisi watu wanne waliokutana kijijini pa mbali wawe wamefungamana hivyo bila wenyewe kujua. Nadhani lawama hiyo inapima kwa kipimo kisichofaa. Agatha Christie huwafungia washukiwa wake ndani ya jumba la mashambani au ndani ya behewa lililokwama thelujini, na hakuna anayelalamika, kwa kuwa tumekubali kwamba aina hii inahitaji mahali pasipo na mlango wa kutokea. Ngũgĩ amewafungia wake ndani ya udugu. Mtu anaweza kuhama Limuru akaenda Ilmorog kwa baiskeli, lakini hawezi kuhama deni la damu, na kila mlango anaoufungua humrudisha katika boma lilelile. Manguo, bwawa ambalo pande zake ndiko mapenzi ya Karega na Mukami yalikoishia, ni bwawa halisi la Limuru. Ilmorog ni ya kubuni. Mwandishi ameuacha uhalifu mahali pa kubuni, akaiweka sababu yake mahali anapopajua kwa miguu.

Hapa msomaji wa wasifu hupata kishawishi. Usiku wa kuamkia Desemba 31, 1977, polisi walifika nyumbani kwa Ngũgĩ, Limuru, wakamchukua, na akawekwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani hadi Desemba 1978. Mukoma, aliyezaliwa mwaka 1971, alikuwa mtoto wa miaka sita. Ni rahisi kusema kwamba kurasa za mwanzo za Petals of Blood, zile za polisi kubisha hodi, zilitokana na usiku ule. Kalenda inakataa: riwaya ilikuwa imezinduliwa miezi kadhaa kabla, Julai, katika jumba la City Hall, Nairobi, na aliyeizindua alikuwa waziri wa fedha, Mwai Kibaki. Kitabu kilitangulia tukio. Kwa hiyo, kama tunataka kusema lolote juu ya wana na kile walichorithi, inafaa tuseme kwamba walilikuta umbo likiwapo tayari, kisha wakaona dola ikilitekeleza mlangoni pao. Aliyelelewa hivyo hawezi kuanzisha riwaya yake kwa kumleta inspekta kama mtu wa kuweka mambo sawa.

Tazama basi walichofanya wote watatu. Hakuna hata mmoja aliyemkabidhi afisa wa dola ya Kenya nafasi ya mbele. Mpelelezi wa Mukoma ni Ishmael, Mmarekani mweusi, afisa wa polisi wa Madison, Wisconsin, asiye na mamlaka yoyote akiwa Nairobi. Wa Nducu ni Jack Chidi, mwandishi wa habari. Wa Wanjiku ni Mugure, Mkenya anayeishi New York, mama wa mtoto wa kuasili, anayeanza kushuku karatasi za mtoto wake mwenyewe. Inspekta Godfrey amevunjwa vipande vitatu: macho yake amepewa mgeni, kalamu yake amepewa mwanahabari, na haki yake ya kuuliza amepewa mama. Sidai kwamba ndugu hawa walikaa chini wakagawana. Nadai kwamba vitabu vyao, vikiwekwa pamoja mezani, vinasomeka kama marekebisho ya jambo moja lililoachwa wazi katika kitabu cha baba.

Katika vipande hivyo, kilichofanyiwa kazi kwa ustadi zaidi ni kile cha Mukoma, nami nitakaa nacho. Nairobi Heat inaanza Madison, mji ambako mwandishi alisomea shahada ya uzamivu, kwa hiyo nao ni mtaa wake wa pili. Msichana mzungu amekutwa amekufa mlangoni pa profesa Mnyarwanda, Joshua Hakizimana, anayesifika kwa kuwaokoa watu wakati wa mauaji ya kimbari ya 1994. Simu ya mtu asiyejitaja inamwelekeza Ishmael Nairobi, na huko anaoanishwa na David Odhiambo, ambaye kila mtu anamwita O. Usimulizi wote ni wa Ishmael, nafsi ya kwanza umoja, sentensi fupi, mwendo wa haraka. Nafsi-umma ya baba imetoweka kabisa.

Kilichochukua nafasi yake ni jozi. Mukoma ameutenganisha ujuzi na sauti: Ishmael ana sauti lakini haujui mtaa, O anaujua mtaa, wakora wake, baa zake, maafisa wake wa kuongwa, lakini hasimulii. Kila ujuzi wa mwenyeji unaotufikia umepita kwanza katika masikio ya mgeni na kupunguzwa humo. Mwandishi aliyelelewa Limuru amejificha nyuma ya msimulizi ambaye watoto wa Nairobi wanamwita mzungu ilhali ni mweusi, na kejeli hiyo ndogo inafanya kazi kubwa ya kiumbo, kwa sababu inatukumbusha kila mara kwamba rangi ya ngozi haikumpa Ishmael ukoo. Hana shangazi hapa. Hakuna anayemwambia ukweli kwa sababu ya kumjua babake. Kwa hiyo anaweza kuwa na macho mapya, na kwa sababu hiyohiyo anakosa mengi, na mwandishi mwenyewe anajua anachokosa.

Mbinu ya jozi ina ndugu zake katika Kiswahili. Muhammed Said Abdulla, mzaliwa wa Makunduchi, alimwoanisha Bwana Msa na Najum tangu Mzimu wa Watu wa Kale, iliyochapishwa mwaka 1960, na mafumbo yake mengi hufunguka pale nasaba iliyofichwa inapojulikana: nani mwana wa nani, nani mrithi wa nani. Lakini Bwana Msa mwenye kiko chake ni mwenyeji mjuzi; anatembea Unguja kama mtu aliye kwao, na akili yake kubwa kwa kiasi fulani ni kumbukumbu ya koo za watu. Abdulla aliwapa majirani mpelelezi wao. Mukoma hakuweza au hakutaka. Tofauti hiyo siioni kuwa ya kipaji. Ni ya zama na mahali: visiwa vya Abdulla kwenye kurasa zile bado ni mahali ambapo mtu akijua ukoo wako amejua karibu kila kitu chako, na polisi ni mtu anayekuja kunywa kahawa.

Pale Nairobi Heat inaponishinda kuitetea ni katika risasi. Ni nyingi. Ishmael na O wanaua, wanaondoka, na sura inayofuata inaanza. Nafahamu kwamba hii ni desturi ya tawi gumu la riwaya ya upelelezi ya Kimarekani, ile ya Chester Himes na wenzake, na kwamba Mukoma anaitumia kwa makusudi ili kuonyesha mji usio na jalada. Hata hivyo gharama yake inalipwa na mtaa. Mtu anayeuawa bila mazishi kitabuni hakuwa na jamaa kitabuni, na tukikumbuka kwamba riwaya ya baba ilianza na kijana aliyekimbilia kwa mamake, tunahisi pengo hilo. Katika A Grain of Wheat mamake Gitogo anabaki, kikongwe peke yake kibandani, na kila Mugo, mhusika mkuu, anapopita mlango ule kitabu kinatozwa kitu.

Profesa Hakizimana ndiye anayeigusa Eldoret, ingawa riwaya haimleti hapa. Sifa yake yote imejengwa juu ya kuwahifadhi majirani dhidi ya majirani, na upelelezi unapoichokonoa sifa hiyo, aina nzima inatikisika, maana imezoea muuaji mmoja na imekutana na uhalifu ambao mtaa mzima uliutenda au uliutazama. Mukoma aliliweka tatizo hilo mbali, Rwanda, katika kitabu chake cha kwanza. Katika Black Star Nairobi amelileta nyumbani. Riwaya hiyo imetegwa kwenye uchaguzi wa Desemba 2007. Kuna maiti msitu wa Ngong, bomu katika hoteli ya Norfolk, na vurugu za baada ya kura zinazuka upelelezi ukiendelea. Ishmael na O sasa wana kampuni yao binafsi, na kesi inawachukua mpaka Mexico na Marekani.

Kwa msomaji wa Nairobi nadhani mpangilio huo unatosheleza: vurugu zinakuwa hali ya hewa ambayo kesi inasafiri ndani yake. Kwa msomaji wa Langas, Munyaka au Kiambaa, huku Eldoret, hautoshelezi hata kidogo. Januari 1, 2008, kanisa la Kiambaa, kilomita chache kutoka katikati ya mji, lilichomwa moto likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Tume ya Waki, iliyochunguza vurugu hizo, ilihesabu vifo 1,133 nchini. Uwanja wa maonyesho wa Eldoret ukajaa mahema ya waliofukuzwa makwao. Kwetu jambo hilo ndilo hadithi ya kwanza, kwa maana ya Todorov, na hadithi yake ya pili haijaandikwa. Imejaribiwa na mahakama. Aprili 2009 Mahakama Kuu ya Nakuru iliwaachilia washtakiwa wanne wa kesi ya Kiambaa, na jaji akaulaumu upelelezi wenyewe. Kesi ya vurugu hizo huko The Hague, iliyoanza Septemba 2013, ilikomeshwa Aprili 2016 bila kufikia hukumu. Nayataja haya kama mhakiki wa usimulizi, si kama mwanasheria: ni majalada yaliyokosa msimulizi, na moto mmojawapo ulikuwa na mashahidi kila upande wa ua.

Kinyanjui Kombani alikaribia zaidi. The Last Villains of Molo, ya mwaka 2004, inawachukua vijana waliotoka katika vurugu za Molo za mwaka 1992 na kuwaweka pamoja Ngando, Nairobi, ambako yaliyopita yanakuja kuwatafuta. Kombani ana mizizi pande hizo za Bonde la Ufa na aliwahi kuijua Ngando, na amepata jambo ambalo Black Star Nairobi imelikosa: kwamba waliokuwa pande mbili za vita wanaweza kulala chumba kimoja na kuchangia unga. Lakini hata yeye amelazimika kuwahamisha ndipo wasimulike. Ni kama kwamba Bonde la Ufa, ili liingie katika riwaya ya uhalifu, lazima kwanza lipande basi liende Nairobi.

Sioni kwamba sababu ni uoga wa waandishi. Ni ugumu wa umbo. Jozi ya Mukoma haiwezi kufanya kazi hapa, kwa kuwa O wa Eldoret, yule mwenyeji anayeujua mtaa, angelazimika kuwa wa upande mmoja, na ujuzi wake wenyewe ungekuwa ushahidi dhidi yake: ulijuaje, ulikuwa umesimama wapi, mbona nyumba yako haikuguswa? Mwanahabari wa Nducu angepewa taarifa mbili zisizolingana na kuziandika zote mbili kwa haki, na fumbo likabaki palepale. Mama wa Wanjiku yuko karibu zaidi, kwa sababu shaka yake inaanzia ndani ya ndoa yake, si nje. Anapeleleza kitanda anacholalia. Huo ndio ujasiri wa The Fall of Saints ambao wahakiki waliokaa na biashara yake ya kimataifa ya watoto hawakuupa uzito wake. Lakini Mugure ni mmoja, na swali la hapa ni la wengi.

Tunarudishwa basi kwenye nafsi-umma, na hapo tunakuta upungufu wa Petals of Blood ambao sifa zake zimeuficha. "Sisi" ya Ilmorog haina hatia. Imenyang'anywa ardhi, imedanganywa na mbunge wake, imekatwa mapande mawili na barabara kuu ya kuvuka Afrika, kama Barabara ya Uganda inavyoupasua mji wetu. Imeteseka, imekumbuka, imeimba. Haijamfanyia mtu ubaya unaohitaji kufichwa. Ndiyo maana Ngũgĩ anaweza kuiamini na kuitumia kama kipimo cha kuupimia upofu wa Godfrey. Riwaya ya Eldoret ingehitaji "sisi" ambayo msomaji hawezi kuiamini, inayosema ukweli juu ya ukame na juu ya bei ya mahindi, kisha inababaika ikifika wiki moja ya Januari.

Kifaa hicho kipo, na kimo katika kitabu cha mwaka 1967 kilichotangulia. A Grain of Wheat haina inspekta. Msimulizi wake humwambia msomaji mambo kana kwamba naye ni mtu wa kijiji cha Thabai, na sherehe za Uhuru zinapofika anasema "sisi" waziwazi. "Sisi" hiyo imekosea. Imemchagua Mugo kuwa shujaa, imempangia hotuba, imemwandama Karanja kama msaliti, na Mugo anaposimama mbele ya mkutano na kukiri kwamba ndiye aliyemsaliti Kihika, ukiri wake haukitakasi kijiji, bali unawaacha wasikilizaji wakiondoka mmoja mmoja, kila mtu na lake. Mumbi ana lake, Gikonyo ana lake. Hakuna jalada linalofungwa, kwa sababu halikufunguliwa. Kuna mashahidi tu waliogundua kwamba walikuwa pia washukiwa. Wana wa ukoo huu, kwa sababu ninazoziheshimu, walichukua kutoka kwa baba yao inspekta wa mwaka 1977 na kumvunja. Mwandishi wa huku, atakapokuja, akiwa na jina la ukoo wowote ule na lugha yoyote kati ya zinazosikika sokoni Eldoret, atafanya vyema kuuruka mwaka huo na kuusoma ule mkutano wa Thabai kama somo la ufundi: jinsi mwandishi alivyochelewesha ukiri mpaka umati uwe umekusanyika, jinsi alivyompa Mugo maneno machache, na jinsi alivyokataa kutuambia, siku ile yenyewe, umati ulisema nini ulipofika nyumbani.